Biri za Kufukuzia Nzi

Mihambo wa Sikonge alishuka Dar es Salaam na hamu moja: kuvuta biri, zile sigara nene wanazovuta matajiri. Akanunua kasha zima katika duka la Bwana Mapande. Alipofika gesti akawasha moja, chumba kikanuka mkeka unaoungua. Akaipasua, akakuta ndani mna majani makavu ya mgomba.

Akarudi dukani.

"Umeshaiwasha," alisema Mapande. "Kilichowashwa hakirudi. Ukitaka, nenda kashtaki."

Mlinzi akamshika Mihambo mkono na kumtoa nje.

Kesho yake Mihambo alisubiri hadi waheshimiwa wawili walipoketi dukani, wakivuta na kunywa kahawa. Akaingia kwa adabu, kofia mkononi.

"Bwana Mapande, nimekuja kushukuru. Biri zako ni dawa. Nimewasha moja tu, nzi wa chooni wote chali. Naomba kasha jingine, lakini liwe la aina ile ile wanayovuta waheshimiwa hawa."

Mheshimiwa mmoja aliitoa biri mdomoni, akaitazama. Mwenzake akaweka kikombe chini.

Mapande alicheka kicheko kikavu, akamvuta Mihambo nyuma ya kabati na kumpa kasha la biri halisi, bure.

"Chukua uende zako," alinong'ona. "Kweli nzi walikufa?"

"Hakufa hata mmoja," alijibu Mihambo, akilipachika kasha kwapani. "Aliyenusurika kufa ni mimi."