Ua wa Bi Nguchiro na Hatua Mia

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama wa Bonde la Matete walikuwa na serikali mbili. Serikali ya jimbo ilikaa karibu, na askari wake alikuwa Nyati. Serikali kuu ilikaa mbali, kwa Simba, na mkaguzi wake alikuwa Kifaru. Kila moja ilitunga sheria zake, na mara nyingine hazikuulizana.

Mwaka huo zilitoka sheria mbili mpya kwa mwezi mmoja. Jimbo likasema kila mnyama mdogo azungushie bustani yake ua wa miiba, maana wakubwa walizoea kukanyaga mimea ya wenzao. Wakubwa wenyewe hawakulazimishwa. Serikali kuu nayo ikasema hakuna ruhusa ya kujenga ua kabla ya hatua mia kutoka mtoni, ili wote wapate njia ya kunywa maji. Atakayevunja sheria hiyo, bustani yake itachukuliwa na kupewa jirani yake.

Aliyefurahi kuliko wote ni Kiboko.

Kiboko alipakana na Bi Nguchiro, mjane mwembamba mwenye watoto wanne na bustani ya maboga karibu na mto. Bustani ya Kiboko ilikuwa kubwa mara nne ya ile, lakini haikutoa kitu, kwa sababu mwenyewe alilala juu ya mimea kila mchana. Maboga ya Nguchiro yalimzidi Nguchiro kwa unene. Kiboko akiyaona asubuhi, hata majani yaliyomo kinywani yalimshinda kumeza.

"Asipojenga, jimbo litamkamata," alijiambia. "Akijenga, serikali kuu itamkamata. Maboga yale nitayala nimelala."

Akaenda kwa Nyati akamshtaki kwamba hajajenga, akaenda kwa Kifaru akamshtaki kwamba atajenga karibu na mto.

Nguchiro hakuwa na shamba lingine. Watoto wake walikula kutoka bustani ile ile. Kwa hiyo alijenga. Siku tatu watoto walibeba miiba mdomoni, na ua ukasimama. Kwa macho ya Kiboko, ulikuwa karibu sana na maji. Alicheka peke yake mpaka mapovu yakatoka, blu-blu-blu.

Siku ya nne Nyati na Kifaru wakaja pamoja. Nyati aliuzunguka ua, akasema jimbo limeridhika, akaenda zake. Kiboko akasogea kwenye matete apate kuona zamu ya Kifaru.

Kifaru alishuka na Nguchiro mpaka ukingoni mwa mto. Kisha wakapanda pamoja polepole, Nguchiro akitangulia, Kifaru ameinamisha kichwa, midomo yake ikichezacheza. Kiboko aliungua moyo. Alidhani wanapiga soga kama marafiki wa siku nyingi.

"Mimi na ukubwa wangu huu," alinung'unika, "mkaguzi hajanitembeza hata siku moja."

Walipofika kwenye ua, Kifaru alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachomeka unyoya wa mbuni juu ya miiba. Hiyo ilikuwa alama ya serikali kuu kwamba ua ni halali. Kabla ya kuondoka alimwambia Nguchiro kwamba mashtaka yote yalitoka kwa jirani. Nguchiro aliyatazama matete, akayaona yanatikisika bila upepo.

Kesho yake akapika uji wa maboga, akawaita Kanga, Pelele na mke wa Kobe waje kuuona unyoya. Wakaja. Keshokutwa akawaita tena. Kila siku vicheko vilivuka mpaka, na kila siku Kiboko alisikia jinsi ua ulivyosifiwa: umenyooka, umepambwa, serikali imeuheshimu. Siku ya tano hakuweza kuvumilia. Akatoka majini.

"Hongera, Bi Nguchiro."

"Asante, mzee wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka tu. Na mimi nikijenga ua, nitapewa unyoya?"

Nguchiro aliweka jembe chini taratibu. "Usijisumbue, mzee. Wewe sheria haikulazimishi. Ua ni mambo yetu sisi tulio na kitu cha kulinda."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Unasema mimi sina kitu?"

"Sijasema hivyo. Ila ukingo huu unyoya mmoja unautosha. Wewe ukijenga, kwa nguvu zako hizo, nani atakuja tena kunywa uji kwangu?"

Maneno hayo yalimwingia Kiboko kama moto kwenye nyasi kavu. Siku hiyo hiyo alianza. Aling'oa miti mizima ya miiba, kra, kra, akaipanga sambamba na ua wa Nguchiro, mstari mmoja kabisa, lakini urefu mara mbili. Alipomaliza hakungoja kukaguliwa. Alimfuata Kifaru mwenyewe.

Kifaru aliutazama ule ua akashangaa. "Mzee Kiboko, nani kakuamuru kujenga?"

"Nimependa. Lete unyoya."

"Shuka kwanza ukingoni."

"Nikafanye nini huko?"

"Tuhesabu. Tangu enzi za babu zetu ardhi hupimwa kwa miguu ya mwenye ardhi, na sheria hii haikubadilisha. Bi Nguchiro alitembea hatua mia na tatu. Sasa twende na zako."

Hapo ndipo Kiboko alipoelewa kwa nini midomo ya Kifaru ilikuwa ikichezacheza siku ile. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, ila macho yake yalikuwa kwenye urafiki usiokuwepo. Alijaribu kutembea kama Nguchiro, kisigino kikigusa vidole. Akapepesuka, akaanguka kwenye tope, puu.

"Tembea kama unavyotembea kila siku," alisema Kifaru.

Moja. Mbili. Tatu. Kwenye hatua ya kumi na mbili pua yake iligonga miiba.

"Nitaubomoa leo hii," alisema haraka.

"Utaubomoa, ndiyo, na miti utaibeba wewe. Lakini sheria umeshaivunja. Bustani inakwenda kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Kiboko, macho mekundu, alimgeukia Nguchiro aliyekuwa akitazama kutoka bustanini kwake. "Umenidanganya, wewe mwanamke."

"Mzee wangu, mimi nilikukataza," alijibu Nguchiro kwa adabu. "Nilikwambia usijisumbue."

Kiboko alitafuta katika maneno yote ya siku ile, neno kwa neno, asipate hata moja la uongo. Akapakia miti yake mgongoni, huku watoto wanne wa Nguchiro wakiingia mbio katika bustani kubwa kuchagua pa kupanda.

Nami naishia hapa, wadogo zangu: ukimtegea jirani sheria kwa wivu, ipo siku sheria hiyo itapima miguu yako.