Kwa Nini Wanawake Mashujaa wa Mawe Wana Kimo cha Wanaume

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Zamani za kale huko Ugiriki, kuta za mahekalu zilipambwa kwa vita vilivyochongwa kwenye mawe. Fundi alianza kwa kupiga nyuzi mbili ukutani, mistari ya kupimia kimo: wa juu wa vichwa vya wanaume, wa chini wa vichwa vya wanawake mashujaa waliopigana nao. Kwa hiyo wanawake wale walitokea vijitu tu, wamejikunyata miguuni pa watu. Wanaume, walioshinda vita vile, walifurahi kweli kweli.

Basi wazee wa mji mmoja wakampa Damoni, fundi wa kuchonga mawe, kazi ya kuchonga vita vile kwenye ukuta wa hekalu lao. Ili apate sura ya kuiga, wakamletea Antiba, mateka wa mwisho kati ya wale wanawake mashujaa, mama mwenye mvi tayari. Damoni akamwomba apige magoti. Thubutu! Alisimama wima kutwa nzima, jua likimchoma, akisema kwamba pacha wake alifia vitani akiwa amesimama, naye hatamsingizia woga.

Damoni alichanganyikiwa. Akimchonga mdogo, amesema uongo. Akimchonga mrefu, atafukuzwa mjini, na wanawe watakula nini? Tena jiwe likishakatwa halirudi. Mwishowe akaufuta ule uzi wa chini. Kichwa cha mwanamke kikawa sawasawa na cha mwanamume, kidevu juu, shoka mkononi. Ee, fundi yule alikuwa na roho!

Wazee walipoona, walifoka. Mkali kuliko wote alikuwa Mzee Polemo, ambaye baba yake aliuawa katika vita vile vile. Akaamuru jiwe livunjwe. Nyundo ilikwisha kuinuliwa Antiba aliposema, taratibu kabisa:

"Mzee Polemo, baba yako aliuawa na nani? Na kijitu cha kumfika magotini?"

Polemo alimkumbuka baba yake, pande la mtu, miraba minne, akaona aibu aliyotaka kumvisha marehemu.

"Liacheni," akasema.

Antiba akausogelea ukuta, akaupapasa ule uso wa jiwe, uso wake na wa pacha wake. Miaka yote aliyokuwa mateka hakuna aliyemwona akilia. Siku hiyo alilia mbele ya watu, wala hakujifuta.

Na tangu siku hiyo, mafundi wa kule wakawa wanapiga uzi mmoja tu. Mtazame mwanamke shujaa kwenye mawe yale ya kale: hata akiwa na jeraha, anamtazama adui yake macho kwa macho.