Maji Mguuni

"Mfereji huchimbwa na maji mguuni."

Ndivyo alivyowajibu mzee wa kanisa leo asubuhi, nanyi mkabaki mnatazamana. Mlimpelekea mpango wa safari ya kwaya yenu, kila kitu kimekwisha kukatwa na kushonwa, mkataka mchungaji aje autie baraka tu. Sasa mmekuja kwangu kuuliza maneno yale yametoka wapi. Haya, ketini, na hizo simu zilazeni kifudifudi.

Methali hii haikutoka mbali. Ilianzia hapa hapa mlimani kwetu, katika ule mtaro mkavu mnaouruka mkija kanisani, ule mnaouita Kaburi la Mbonea. Hakuzikwa mtu mle. Kilichozikwa ni kitu kingine, nacho mtakisikia.

Zefania Mbonea alikuwa mtu wa nguvu. Kisiki kikiwashinda wanaume wa mtaa mzima, aliitwa yeye, na kisiki chenyewe kilijua kwamba saa yake imefika. Alikuwa Mkristo asiyekosa ibada. Kila alfajiri, kabla ya kushika jembe, alipiga magoti na kuomba, "Bwana, nipe nguvu." Kisha akasema amina na kutoka. Aliishi na mkewe Namsifu na binti yao mdogo, Nakundwa, katika nyumba iliyo juu kabisa ya mteremko. Mahali pale alipachagua mwenyewe, kwa sababu kutoka pale aliweza kuona kila mtu anafanya nini.

Kasoro ya mahali pale ilikuwa maji. Mto ulikuwa chini bondeni, na njia ya kuuendea ilikuwa na utelezi hata wakati wa kiangazi. Katika njia hiyo Namsifu aliwahi kuanguka na debe kichwani akiwa mjamzito, na mimba ikaharibika. Hawakulia mbele za watu. Walilia ndani, mlango umefungwa, na tangu siku hiyo Mbonea hakuweza kuitazama njia ile bila moyo kumwuma. Kwa hiyo Mungu alipomjalia Namsifu mimba nyingine, Mbonea aliapa kwamba mtoto huyu hatazaliwa kabla maji hayajafika mlangoni.

Kwetu Upare mfereji ni kazi ya msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, na wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuuchimba. Walianzia kwenye banio, pale mto unapozuiwa kwa mawe na udongo. Walichimba kipande kifupi, wakaruhusu maji yaingie, wakasubiri. Maji yakitembea vizuri, waliendelea mbele. Yakisimama, walirudi nyuma na kushusha njia kidogo. Yakikimbia na kula udongo, waliipandisha. Mchimbaji alishinda na miguu iliyolowa, maana maji yalikuwa naye kila hatua. Ni kazi ya polepole, na nusu yake ni kusimama na kutazama.

Sasa kusimama na kutazama ndiko Mbonea asikokuweza.

Mwinjilisti Kajiru, aliyekuwa akilitunza kanisa la mtaa, alimwendea akamwambia kwamba watu wakimaliza kuvuna maharage wataitisha msaragambo.

"Mwinjilisti," Mbonea akajibu, "ninyi na kusubiri kwenu maji, mtanikuta nina wajukuu. Mimi nimezaliwa katika mlima huu. Njia ninaijua."

"Basi tuombe pamoja, Mungu atuonyeshe pa kupita."

"Niombee nguvu tu. Siku ya kufungulia utakuja ubariki."

Akaanza peke yake. Tena hakuanzia kwenye banio; alianzia mlangoni kwake, akachimba kavu kuelekea mtoni, akipima kwa jicho. Alichimba jua likiwaka, alichimba ukungu ukiwa umeufunika mlima, na viganja vikamchubuka mpaka akawa anaufunga mpini kwa kitambaa. Watu walipita wakamsifu. Nani asingemsifu? Mpaka leo mkiutazama ule mtaro mtaona kwamba aliyeuchimba hakuwa mvivu.

Siku ya kufungulia, Mbonea alichinja mbuzi. Kwaya ikaja, mwinjilisti akaja na joho lake, na Namsifu, tumbo limekwisha kuwa kubwa, akaketi mlangoni na debe lililooshwa likang'aa, amelitega pale maji yatakapotokea. Mwinjilisti alibariki. Mbonea akauvunja ukingo, maji yakaingia, na kwaya ikayafuata ikiimba, watoto wakikimbia mbele.

Walipofika kwenye bega la mlima, maji yakasimama.

Mlima una uongo wake, wanangu. Kuna mahali jicho linakuambia unashuka, kumbe ardhi inapanda. Maji hayadanganyiki kwa jicho. Yalijaa pale, yakazunguka, yakavimba. Wimbo ulikuwa na beti nne. Kwaya ikaziimba zote, ikazirudia, na maji bado yamesimama. Kisha yakapasua ukingo na kurudi mtoni kama mbuzi aliyekata kamba. Mbuzi wa Mbonea alikuwa amekwisha kuiva, kwa hiyo aliliwa, lakini aliliwa kimya kimya. Namsifu aliliingiza debe lake ndani.

Mngedhani hapo mtu angeuliza. Mbonea hakuuliza. Kesho yake alirudi pale kwenye bega la mlima akaanza kuchimba kwenda chini, akitaka kuulazimisha mlima. Alichimba mpaka kiuno kikazama, kifua kikazama, na mpita njia akawa anaona jembe tu likipanda na kushuka. Ndipo watani wake walipopaita mahali pale kaburi.

Siku moja alitoa kichwa shimoni ili apumue, akamwona mkewe upande wa pili. Namsifu alikuwa anashuka ile njia ya utelezi, mkono mmoja umeshika tumbo, debe kichwani.

Mbonea alitoka shimoni sijui kwa ngazi gani. Alikimbia mpaka akamkuta, na mahali alipomkutia palikuwa hatua chache tu kutoka pale alipoanguka mara ya kwanza.

"Mama Nakundwa, simama! Unakwenda wapi?"

"Mtoni, Baba Nakundwa. Nyumbani hakuna maji hata ya kulowesha ulimi wa mtoto."

"Si ungeniita?"

"Nilikuita. Ukasema nisubiri umalize hapo."

Mbonea alimtua debe, akaketi chini kwenye udongo.

"Kila alfajiri ninamwomba Mungu nguvu," alisema. "Kila alfajiri! Mbona hanisaidii?"

"Nguvu amekupa," Namsifu alijibu. "Nani mlimani hapa ana nguvu kama zako? Lakini njia hujamwomba hata siku moja. Mimi ninalala kando yako, ninakusikia. Unamwomba akusukume, na hujamwuliza uelekee wapi."

Mbonea akasema lile ambalo jembe lilikuwa limelificha siku zote hizo. "Ninaogopa, mke wangu. Ninaogopa utaanguka tena, na mimi nitakuwa nimeshika mpini."

"Hata mimi ninaogopa. Lakini anayenishika nisianguke siyo wewe, baba. Tangu lini ukawa Mungu?" Alisema hivyo akitabasamu, na Mbonea, pamoja na uchungu wake wote, akacheka.

Aliyateka maji yeye mwenyewe siku hiyo. Alipoyafikisha nyumbani akaenda moja kwa moja kwa mwinjilisti, mabega yakiwa bado yamelowa.

"Mwinjilisti, nakuomba upige mbiu ya msaragambo. Nami sitaongoza."

"Tutaomba nini, Zefania?"

"Njia," alisema Mbonea.

Watu walikuja, hata wale aliowahi kuwaambia kwamba ni wa polepole. Kwenye banio mwinjilisti aliomba sala fupi: "Bwana, tangulia, nasi tutafuata." Wakaanza. Kipande kifupi, maji yaingie, wasubiri. Mbonea alisimama majini na jembe begani, mikono inamwasha, lakini alisubiri. Kila siku walisogea kidogo, na kila asubuhi waliomba sala ile ile.

Walipolikaribia bega la mlima, maji yalikata shauri lao. Yalishika njia ya chini, mbali na ule mtaro mkavu. Mbonea aliinua macho akaliona paa la nyumba yake kule juu, akaelewa. Nyumba ilikuwa juu kuliko banio. Maji yale yasingefika mlangoni kwake, hata angechimba mpaka awe mzee.

Mtu mmoja akasema kwa huruma, "Jamani, tujaribu kuyapandisha kidogo kwa ajili ya Mbonea." Wote wakaacha kuchimba, wakamtazama yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi nzito kuliko visiki vyote. Mbonea aliitazama miguu yake. Maji yalikuwa yanapita katikati ya vidole, hayana haraka, hayana wasiwasi.

"Yaacheni yaende," alisema. "Nyumba niliiweka mimi. Njia ya maji ameiweka Mungu."

Wakayafuata. Na yalikwenda wapi? Yalizunguka bega la mlima chini chini, yakapita chini ya migomba ya Mbonea mwenyewe, mwendo mfupi kutoka jikoni kwake, mahali tambarare penye kivuli. Kisha yakaendelea kwenye nyumba za ukanda wa chini, za watu ambao nao walikuwa wakiteremka mtoni miaka yote, wala hakuna aliyewahi kuwauliza. Namsifu alishuka kupitia migombani kwa miguu yake, hakuna utelezi, akalitumbukiza debe likajaa. Akina mama wakapiga vigelegele toka nyumba hadi nyumba, vikifuata maji. Mbonea akalia. Safari hii alilia mbele za watu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, sauti yake ikasikika mpaka kanisani. Alibatizwa kwa maji ya mfereji ule. Siku hiyo mwinjilisti akampa baba yake nafasi ya kushukuru, na Mbonea, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisimama akasema:

"Ndugu zangu, mimi nilichimba kavu. Nilifanya kazi bila Mungu, halafu nikamwita aje kwenye mbuzi. Ninamshukuru kwa mke na kwa mtoto. Ninamshukuru zaidi kwa kuninyima maji siku ile, maana angenipa, yangeishia mlangoni kwangu. Ule mtaro msiufukie. Mle nimezika 'njia ninaijua' yangu. Mfereji huchimbwa na maji mguuni."

Msidhani tangu hapo akawa malaika. Mbonea alibaki Mbonea, na mara nyingi aliamka na shauri jipya kichwani, jembe tayari begani. Lakini Namsifu alikuwa akimwuliza kutoka jikoni, "Baba Nakundwa, miguu imelowa?" Naye alilishusha jembe, akarudi ndani, akapiga magoti tena. Majirani wakalidaka swali hilo, na methali ikaenea mlima mzima.

Kwa hiyo huo mpango wenu si mbaya, na bidii yenu nimeiona. Ila rudini nao kanisani, muuweke chini mbele za Mungu kabla hamjamalizana nao, na mkubali akiupeleka msikokupanga. Mkipita pale migombani, ingizeni miguu majini kidogo, yako pale bado, mshukuru. Mzee wa kanisa hakuwakatalia safari. Aliwaambia tu kwamba mfereji huchimbwa na maji mguuni.