Aliyenenepa kwa Niaba ya Chui

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitikia kama mmeshinda njaa? Paukwa!
Pakawaaa!

Palikuwa na Chui. Mkubwa, mzee, mnene. Akitembea, ardhi yalia puu, puu, puu. Na juu ya kilima, ndani ya kichuguu, aliishi Bi Nguchiro, mjane aliyebaki na meno mawili. Kuwinda hawezi tena. Alikuwa amechoka, jamani. Amechoka kukimbia, amechoka kujificha.

Siku moja Chui akamkuta nje anaota jua. Akamkanyaga mkia.

"Shikamoo, mzee," akasema Bi Nguchiro.

"Marahaba. Leo nakula wewe."

"Nile tu. Lakini kwa magoti hayo yanayokuuma, kilima utakishukaje?"

Chui akaketi, kishindo! Akashusha pumzi ndefu.

"Ujanani nilikuwa mwembamba, bibi. Nikaoa, nikanenepa. Ukaja ukame, nikakonda. Ikaja mvua, nikanenepa. Nikajinyima miezi mitatu, nikakonda. Ndugu wakanifanyia karamu ya kunipongeza, nikanenepa. Mara tano nimekonda, mara tano nimerudi palepale. Nimechoka."

Bi Nguchiro akamwonea huruma. Kidogo.

"Nitakutibu. Ukipata nyama, usiile bondeni. Ilete huku juu, nikutolee mafuta."

Kesho yake Chui akaleta kondoo. Akapanda, puu, puu, puu. Bi Nguchiro akachukua mkia wenye mafuta, maana mafuta hayataki meno. Akamrudishia mnofu mkavu na fungu la mchunga.

"Mboga gani hii? Chungu!"

"Ndiyo dawa."

Keshokutwa akaleta mbuzi. Akapanda, puu, puu. Bi Nguchiro akachukua figo na mafuta yake. Akamrudishia mnofu mkavu na fungu la mchunga.

"Chungu!"

"Ndiyo dawa."

Mwezi ukapita, na mwingine. Siku moja Chui akapanda na hakuna aliyesikia kitu. Akamkuta daktari wake kajilaza, mkia wa kondoo mdomoni, mashavu yanang'aa.

"Kumbe!"

Bi Nguchiro mbio hadi kichuguuni. Kichwa, ndani. Mabega, ndani. Tumbo, kwaa! Limekwama, na miguu ya nyuma inapiga hewa.

Chui akatoa kucha. Bi Nguchiro aliogopa sana, moyo du, du, du, kisha uchovu ukaushinda hata woga.

"Nile basi," akasema kutoka gizani. "Lakini ujue unachokula. Mafuta yako yote yamo humu. Ukinimeza, yanarudi kwako. Mara ya sita."

Chui akayatazama magoti yake, yaliyopona juzi tu. Akarudisha kucha. Akamvuta taratibu, akamkung'uta vumbi.

"Bibi," akasema, "nakuomba usikonde."

Tangu siku hiyo Bi Nguchiro huletewa mkia wa kondoo kila jioni, na Chui hukaa hapo hapo mpaka aumalize. Bi Nguchiro kichuguuni haingii tena. Analala nje, kwenye upepo, na magoti yanamuuma.

Hadithi yangu imefika hapo. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aniache nipumzike. Na funzo lake, wanangu: kuleni kwa kiasi, kuleni mboga. Na vitumbua hivyo vilivyobaki nisogezeeni huku. Mimi nitaanza kesho.