Mkwe, Mvule na Hodi Isiyopigwa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa mti!
— Mti ukawaje?
— Mti ukaanguka!
— Ukaangukia wapi?

Ngojeni, msiwe na pupa, hata fundi mwenyewe hakujua. Na wewe unayechokoa moto, acha, cheche zitatuunguza magoti.

Hapo kale, miti ilipokuwa bado haijazoea shoka, aliishi milimani mtu mmoja jina lake Mbonea, fundi wa kuangusha miti. Fundi kweli, simsingizii. Kwanza aliuzunguka mti akiutazama: umeinamia wapi, matawi mazito yako upande gani, uozo umejificha wapi. Kisha akakata mdomo, yaani pengo, upande ule anaotaka mti uangukie. Kisha akahamia nyuma, akakata polepole, akibakiza katikati kipande cha mti kisichoguswa na shoka. Kipande hicho ndicho bawaba. Mti huegemea hapo kama mlango, ukashuka taratibu, ukalala ulikoelekezwa.

Lakini Mbonea alikuwa na mdomo mwingine, ule wa usoni, na huo haukuwa na bawaba.

"Mimi mti nauambia lala hapa, unalala!" Ndivyo alivyosema harusini. Ndivyo alivyosema matangani. Ndivyo alivyosema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Siku moja mkewe, Namkunda, akamwambia, "Mume wangu, mama hapati usingizi. Ule mvule mkavu nyuma ya nyumba yake unalia kila upepo ukivuma. Masika yaja. Nenda ukamkatie."

Mbonea akafurahi, akaogopa. Akafurahi kwa kuwa tangu aoe hakuwa amemfanyia mkwewe kazi ya kuonekana. Akaogopa kwa kuwa mkwe ni mkwe. Hakuwahi kumtazama usoni wala kusema naye. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," akasema. "Mti utalala shambani, kwenye mabua."

Asubuhi akafika na shoka lake, na Namkunda akaingia jikoni kwa mamaye. Akaanza kuuzunguka mvule. Upande wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu, mzima. Upande wa nne ulitazamana na ua wa matete, na ndani ya ua ule ndiko mkwewe alikozoea kuoga. Mbonea akasimama. Akageuza uso. Akarudi alikotoka, akaanza kukata mdomo upande wa shamba. Ko! Ko! Ko!

Juu ya mti akatokea kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti, akaimba:

"Kong'o, kong'o, kong'o!
Mkata mti, zunguka,
upande mmoja hujauona!"

"Upande ule ni wa mkwe," akajibu Mbonea. "Sipiti, sitazami."

"Basi piga hodi."

"Fundi apige hodi ya nini?"

Akamaliza mdomo, akahamia nyuma. Ko! Ko! Ko! Jua likapanda. Kigong'ota akarudi:

"Kong'o, kong'o, kong'o!
Mkata mti, zunguka,
nyumba yangu iko upande ule,
na mimi sijengi penye mti mzima!"

Mbonea akasikia, akaelewa. Kigong'ota hutoboa palipooza. Bawaba yake ilikuwa imeoza upande mmoja. Angeweza kumwita Namkunda, naye alikuwa jikoni tu, akamwambia, "Nitazamie kule." Lakini alikumbuka aliyoyasema harusini na matangani. Akaona aibu kuuliza.

"Ni wa mkwe," akasema tena. "Sipiti, sitazami."

Ko! Ko! Ko! Mti ukaanza kulia. Mara akasikia maji yanamwagika nyuma ya matete. Kigong'ota akaja mbio:

"Kong'o, kong'o, kong'o!
Mkata mti, piga hodi,
mkweo ameingia kuoga!"

Mbonea akashusha shoka. Amwite mkwe akiwa anaoga? Amwambie nini? Kwamba fundi hajui mti wake unaanguka wapi? Akasema kwa sauti ndogo, "Mti nimeuambia ulale shambani." Akapiga shoka la mwisho.

Bawaba ikashika upande mzima, ikakatika upande uliooza. Fundi hakuuzunguka mti, basi mti ukazunguka wenyewe. Ukaliacha shamba, ukaacha mabua, ukaenda moja kwa moja kwenye ua wa matete. Puuu!

Vumbi lilipotulia, ua haukuwepo. Mkwe alikuwepo. Amesimama kati ya matawi mawili, kanga ameikumbatia kifuani, povu kichwani, kibuyu cha maji mkononi. Tawi limepita shibiri moja tu kutoka begani mwake.

Mbonea akadondosha shoka. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Aibu ilimpanda tangu nyayo hadi utosi. Uso aliouepuka tangu aoe, leo ameuona na povu juu. Alitamani mkwe amtukane. Alitamani ampige kibuyu.

Mkwe hakutukana wala hakupiga. Akasema naye kwa mara ya kwanza, polepole:

"Mkwe wangu, nilisikia shoka la fundi, nikaona niko salama. Ungepiga hodi tu, ningetoka."

Basi. Akaingia ndani.

Mbonea akatamani ardhi ipasuke immeze. Akajua moyoni kwamba hakunyamaza kwa heshima. Mwenye heshima angeyalinda maisha ya mkwewe. Yeye alikuwa akililinda jina lake. Na kigong'ota, sasa hana nyumba, alikuwa kwenye kisiki akimtazama.

Akajenga ua upya, tete kwa tete, amegeuzia nyumba mgongo. Akakata kipande cha gogo chenye tundu la kigong'ota, akakifunga juu ya mti mwingine. Watu wakapita wakikohoa vikohozi vya kicheko.

Ua ulipokwisha, akasimama nje yake, akasema, "Hodi!"

Sauti ya mkwe ikatoka ndani:

"Hodi ya nini leo, baba? Juzi uliingia na mti mzima!"

Wanawake jirani waliokuwa jikoni wakaangua kicheko, na Namkunda akacheka kuwashinda. Tangu siku hiyo, Mbonea hakukata mti asiouzunguka wote na kuupigia hodi pande zote nne. Na kila akisema hodi, uso ulimwaka moto, hata porini peke yake.

Enyi wasikilizaji, kuuliza si ujinga. Anayeona haya kuuliza huja kuona haya kubwa zaidi, tena mbele ya mkwe.

Mnaniuliza ile kanga ya mkwe ilikuwa rangi gani? Sijui. Mimi nilikuwapo, ila nina adabu zangu, niligeuka.

Hadithi yangu nimeikata, imelala hapo. Aliyeangukiwa na tawi, alichukue akapikie.