Kengele Katikati ya Vugo

"Kengele si breki." Mmelidaka neno hilo nilipomrushia yule wa baiskeli aliyepita hapa kama mshale, na sasa mwataka kujua lilikotoka. Haya, sogeeni, nafasi ipo. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Muheza, kwenye mtelemko huu mnaouona, siku ya harusi.

Alikuwapo kijana akiitwa Mwinjaka, na baiskeli yake kaipamba kama mwali: mashada ya rangi kwenye usukani, vioo viwili, na kengele ya kusikika mtaa wa pili. Mipira ya breki ilikwisha zamani. Kila akienda dukani kutafuta mipira, hurudi na shada jingine. Akitaka kusimama, hubana tairi kwa kandambili.

Mwinjaka alikuwa amepeleka posa kwa Bi Tumu, akimposa mjukuu wake, Zuhena. Jibu halijatoka, na mtaa mzima tulijua, maana kwetu siri hailali. Basi siku ile Bi Tumu anamwoza mjukuu mwingine, Mwinjaka akatumwa amlete Bi Mwanahawa, somo wa bi harusi, yaani kungwi wake. Pasipo somo, bi harusi hatoki ndani. Kijana akasema moyoni, leo ndiyo leo, bibi ataniona.

Akampakia somo nyuma, huyoo, mtelemko wote mbio. Chini, njia imejaa wanawake wanacheza ngoma ya vugo, pembe za ng'ombe zinagongwa, Bi Tumu katikati na mkongojo wake. Mwinjaka akapiga kengele.

Sasa sikilizeni. Wale wanawake waliisikia vizuri sana, ila walidhani ni ngoma. Wakaambiana kumbe leo na njuga zimeletwa, wakaijibu kwa vigelegele, wakazidi kujaa njiani. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyonogewa. Akabana tairi, kandambili ikakatika, ikaruka.

"Simamisha, mwanangu," somo akamwambia.

"Si napiga kengele, somo!"

"Kengele si breki!"

Ulikuwa umebaki mkono mmoja tu augonge mkongojo wa Bi Tumu, Mwinjaka alipokunja usukani, wakazama wote wawili katika rundo la makumbi ya nazi kando ya meko. Pembe zikanyamaza. Somo akatoka mzima, makumbi yamejaa kwenye ushungi, bado anasema lile lile. Wanawake wakalidaka, wakalitia mahadhi, wakalichezea mpaka alasiri.

Mwinjaka, mguu mmoja mtupu, akampigia goti Bi Tumu, akamwamkia, akaomba radhi. Halafu, mwanamume hana haya yule, akauliza habari ya posa.

"Posa yako nimeisikia, mjukuu wangu," Bi Tumu akamjibu. "Kengele yake nzuri. Nangoja breki."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa fundi, anatiwa mipira mipya. Tangu hapo, akifika penye watu hushuka akakokota, hata kama ana haraka ya kuzimia. Bi Tumu alimtazama hivyo mpaka mavuno, ndipo akamtoa mjukuu. Na siku Zuhena alipoolewa, bwana harusi aliteremka mtelemko huu kwa miguu, baiskeli mkononi, na wanawake wakampokea kwa wimbo ule ule: kengele si breki.