Kwa Nini Bakuli la Posa Lina Kitovu Nusu

Naomba radhi kabla sijakosea, maana kisa hiki nitakiharibu. Marehemu babu yangu alikuwa akikisimulia ametulia kama maji ya mtungini, kila neno likikaa mahali pake. Mimi nikifika kwenye jina la Sekibo hasira hunipanda, naruka mambo, narudi nyuma, namtukana mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajaota meno. Mnivumilie. Na kama kuna mtu wa ukoo wa Sekibo hapa, akae karibu na mlango.

Enzi hizo, pale Kwamgogo, msitu ulikuwa ukifika mpaka uani kwa mtu, na vyombo vyote vya mti vilikuwa laini chini kama shavu la mtoto. Mwanamume aliyetaka kuoa hakutanguliza mshenga wala maneno matamu. Alitanguliza bakuli la mti, alilolikereza kwa mkono wake mwenyewe, akampa mama wa binti. Waliamini kwamba mtu awezaye kukaa miezi mitatu na kipande kimoja cha mti bila kukitupa motoni ataweza pia kukaa na binti wa watu.

Kukereza kwenyewe ni hivi. Kipande cha mti hubanwa kati ya ncha mbili za chuma, kwenye keezo. Fundi huketi chini. Mkono mmoja huvuta upinde ambao kamba yake imezungushwa kwenye ule mti, nao mti ukazunguka. Mkono wa pili hushika patasi, ukisaidiwa na kidole gumba cha mguu. Ndiyo, cha mguu. Ukitaka kumjua mkerezaji usimtazame usoni, mtazame dole gumba. Kazi ikiisha, pale ncha ilipobana chini ya bakuli hubaki kisiki kidogo kama kitovu cha mtoto aliyezaliwa juzi. Watu wa zamani waliona aibu kukiacha. Walikikata, wakapakwangua, wakapasugua kwa jani la msasa mpaka pasibaki hata alama.

Basi alikuwapo kijana mmoja, Mhina, mpole kupita kiasi. Alimtaka Nakiete, na Nakiete alimtaka yeye, ila jambo lilikuwa halijafika kwa mama. Mhina akatafuta mninga wenye mistari myeusi, akalikereza bakuli lake toka mtama ukiwa mchanga hadi ukavunwa. Akakata kile kisiki, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, akakifanya kizibo cha kibuyu chake cha mafuta. Bakuli akalipaka mafuta. Sasa, bakuli jipya likipigwa na upepo hupasuka. Lazima likae siku saba mahali penye ubaridi. Ghala lenye ubaridi kuliko yote pale kijijini lilikuwa la jirani yake, Sekibo.

Hapo ndipo naomba mnishike mkono.

Mhina alimwendea Sekibo kwa adabu. Akasema, "Ndugu yangu, nitunzie hili." Sekibo akalipokea kwa mikono miwili, tena akaliombea dua. Akaliombea dua, jamani. Siku ya sita akavaa shuka safi, akalitoa ghalani, akalipeleka kwa Mama Nakiete. Akasema, "Mama, nimelikereza mwenyewe."

Mama Nakiete alikuwa mjane. Alilipokea bakuli na kuwaita wazee. Jogoo akachinjwa. Na firigisi, ambayo kwetu hali mtu hivi hivi tu, akapewa Sekibo.

Mhina alikwenda ghalani akakuta patupu. Akafuata harufu ya mchuzi mpaka kwa Mama Nakiete, kwenye mkeka wa karamu. Akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Ndugu yangu, hilo bakuli ni langu."

Sekibo hakuacha kutafuna. "Mabakuli yanafanana, Mhina. Lako huenda limeliwa na mchwa."

"Nilikupa unitunzie."

"Nani aliona?"

Wazee nao, ambao tayari walikuwa na vidole ndani ya mchuzi, wakasema, "Kijana, wivu haujawahi kumwoza mtu. Kaa ule." Wazee wazima, wenye mvi. Kipaja cha kuku kiliwaziba macho. Nimekuwa mtu mzima sasa, na bado sijawasamehe.

Lakini Mama Nakiete hakuwa anakula. Marehemu mumewe alikuwa mkerezaji, na yeye ndiye aliyekuwa akimvutia upinde. Akalipindua bakuli, akapapasa chini.

"Hongera, mwanangu Sekibo," akasema. "Ulipokuwa ukilikereza, ulilibana wapi?"

"Katikati ya magoti, mama."

"Likazunguka?"

"Likazunguka vizuri sana."

"Katikati ya magoti."

"Ndiyo, mama. Nina magoti laini."

Wakerezaji waliokuwapo wakatazama chini, kila mmoja akiangalia dole gumba lake. Mama akamgeukia Mhina. "Na wewe, ulilibana wapi?"

"Kati ya ncha mbili, mama, kama watu wote."

"Kisiki chake kiko wapi?"

Mhina akaona haya. "Nimezibia kibuyu cha mafuta."

Kikaletwa, kinanuka mafuta. Mama akakiweka chini ya bakuli, akakizungusha taratibu. Mstari mweusi wa mninga ukatoka kwenye bakuli, ukapita juu ya kisiki, ukaendelea upande wa pili kama njia iliyovuka mto. Sekibo akainuka kwenda kunawa mikono, na kunawa huko hakujaisha mpaka leo. Ila firigisi alikuwa ameshaimeza. Haki ilitendeka, lakini firigisi haikurudi.

Mhina akatabasamu. Nakiete, aliyekuwa mlangoni muda wote, hakutabasamu.

"Bakuli langu ulimpa mtu akutunzie," akamwambia. "Na mimi utampa nani anitunze?"

Nakiete akachukua kisu, akakipasua kile kisiki katikati. Nusu akaigandisha kwa ulimbo chini ya bakuli, nusu akamtupia Mhina. "Ilinde hiyo. Siku ukiipoteza, umenipoteza." Aliilinda mpaka akazikwa nayo.

Tangu siku hiyo bakuli la posa kwetu halikwanguliwi chini. Huachwa na kitovu nusu, na nusu ya pili hubaki kwa aliyelikereza. Mama mkwe akipewa bakuli hulipindua kabla ya kushukuru, kisha huidai ile nusu. Leo watu wa mjini wanayanunua, wanapaona pale chini, wanasema fundi mvivu, wanapapiga msasa. Wanafuta ushahidi kwa mikono yao wenyewe, halafu wanashangaa akina Sekibo wamejaa.

Mimi siku yangu ya posa nilitoa nusu. Ikaoana barabara na bakuli, maana kaka yangu alinipa vyote viwili. Mama mkwe akanitazama miguu, akatabasamu, akasema, "Basi, mwanangu, nikerezee na mfuniko wake." Huu ni mwaka wa ishirini na saba, na kila nikienda kumsalimu namwambia mti bado haujakauka.